Nguzo Iliyoota Kichwani kwa Mama Mkwe

Kwa Mwenyekiti,
Kikundi cha Wapenda Picha,
Ukumbi wa Juu, Maktaba.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUPEWA MAONI YA KUJENGA BAADA YA KUYAOMBA

Baada ya salamu, na baada ya kukutakia heri wewe na duka lako la dawa, naandika barua hii kwa masikitiko makubwa na kwa kalamu ya mke wangu. Ya kwangu iliisha wino kwenye barua ya kwanza, ambayo mke wangu ameichana kwa sababu ya lugha.

Mimi ni mwanachama wako wa mwezi wa nne. Kwa kazi ni fundi wa friji, mwaka wa kumi na saba sasa, na sina historia ya ugomvi na mtu. Kamera nilinunuliwa na mke wangu ili siku za Jumapili nipate cha kufanya zaidi ya kuifungua redio yake, ambayo haikuwa imeharibika.

Ili malalamiko yangu yaeleweke, lazima nianze na mama mkwe. Tunaishi naye mwaka wa sita. Mama huyu hakuwa amekubali kupigwa picha tangu siku ya kitambulisho, miaka kumi na moja iliyopita. Siku hiyo mpiga picha alimwambia afunge mdomo, asicheke, atazame mbele, na matokeo yake, kwa maneno yake mwenyewe, akatoka kama mtu anayetafutwa. Lakini dada yake mkubwa anaishi mbali, na hawajaonana kwa miaka kumi na tisa. Dada huyo alimpigia simu akamwambia macho yake yameanza kufifia, na kabla hayajafifia kabisa anataka kuuona uso wa mdogo wake. Basi mama akaja uani, akanikuta nafuta lenzi, akasimama, akasema, "Haya, fundi. Piga. Lakini moja tu."

Nikapiga tatu. Hapo ndipo ilipoingia HDR. Wewe unaijua, Ndugu Mwenyekiti, lakini nakala ya barua hii imekwenda kwa mwenye nyumba wangu, ambaye haijui, kwa hiyo naeleza. Unapiga picha tatu za kitu kilekile: moja ya giza, moja ya kadiri, moja ya mwanga mwingi. Kisha kompyuta inazichanganya ziwe moja, ili kilicho kivulini kionekane na kilicho juani kionekane. Sharti lake ni kwamba kitu kisitikisike. Ukuta hautikisiki. Mama mkwe, baada ya picha ya kwanza, alijua tumemaliza, akageuka kumfukuza kuku. Baada ya ya pili akarudi kuniuliza nangoja nini.

Nikazichanganya. Nikavuta kila kitu kilichovutika kwenye ile kompyuta mpaka kikagoma. Anga likawa zambarau, nguo za kwenye kamba zikawaka, na mchanga wa uani ungeweza kuuhesabu punje kwa punje. Niliona nimefika. Siku hiyohiyo nikaituma kwa dada yake mama, kwa simu, na baada ya siku kumi na moja nikaileta kikundini, nikasimama mbele ya wanachama nikatamka kwa kinywa changu, "Naomba maoni ya kujenga."

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kwamba niliomba maoni, nikapewa. Mtu akikwambia "samahani, nyumba yangu chafu," hatarajii uinuke uchukue ufagio. Wanachama waliotangulia walilielewa hilo. Kinyozi alisema, "Safi sana." Wewe mwenyewe ulisema, "Safi sana, rangi zipo," na nimekuwa nikikukumbuka kwa wema tangu siku hiyo. Zamu ikafika kwa yule mama mkunga wa zahanati. Akafungua daftari. Akavaa miwani.

2. Kwamba alianza kwa kunisifu. Alisema, "Kwanza nimpongeze fundi. Macho ya mama yamekaa makali, na mwanga wa ubavuni ameuchagua vizuri." Nikatabasamu. Nikageuka hata kwa Kinyozi ili aone ninavyotabasamu. Kumbe ile ilikuwa sindano ya ganzi! Aliposema, "Sasa, kuna vitu vitatu vidogo," uso wangu ulikuwa umeshafunguka na sikuwa na namna ya kuufunga bila watu kuona. Makosa yangu yote niliyasikiliza nikiwa nimekenua. Angenitukana ningejua la kufanya. Mtu anayekukosoa kwa upole hakuachii pa kushika.

3. Kwamba aliweka nguzo kwenye picha yangu. Hiki ndicho kilikuwa kitu kidogo cha kwanza. Aliniuliza, "Fundi, juu ya kichwa cha mama unaona nini?" Nikasema naona anga. Akasema, "Katikati ya anga." Nikatazama ukutani, ilipokuwa picha. Ndugu Mwenyekiti, palikuwa na nguzo ya umeme. Nzima, na nyaya zake kushoto na kulia, imechomoza katikati ya kilemba cha mama mkwe kana kwamba alizaliwa nayo. Picha ile nilikuwa nimeitazama siku kumi na moja. Mke wangu aliitazama. Jirani wa kulia aliitazama akaomba nakala. Hakuna aliyeona nguzo. Nguzo haikuwepo mpaka mkunga alipoitaja, na tangu alipoitaja, asiyekuwepo ni mama mkwe. Kwa mantiki hiyo nguzo ni mali ya mkunga, na ningependa aje aichukue.

4. Kwamba alinigusa kwenye HDR yangu. "Umekoleza mno," alisema. "Anga linapiga kelele, nguo zinapiga kelele, mchanga unapiga kelele, mama wa watu hasikiki. Mwachie kivuli kidogo, fundi. Kivuli kinafanya kazi." Kuhusu ule mwanga mweupe unaozunguka kilemba, ambao mimi niliuchukulia kama baraka, alisema ni dalili ya kuvuta kupita kiasi. Naomba kujitetea kitaaluma. Mimi ni fundi wa friji. Ndani ya friji tunaweka taa ili kila kitu kionekane, mpaka ile nyanya iliyooza kule pembeni. Kwa miaka kumi na saba hakuna mteja aliyewahi kuniambia niiachie nyanya kivuli. Kisha, kwa sauti ya chini, ile nadhani anayoitumia kazini, akaniuliza kitu kidogo cha tatu: mama ana mikono mingapi? Ukumbi mzima ukahesabu. Ilikuwa mitatu, pamoja na sikio moja ambalo halikuwa na mwenyewe.

5. Kwamba nililazimika kuchukua hatua. Kesho yake asubuhi nilikwenda ofisi ya umeme. Karani aliniuliza, "Nguzo imeanguka?" Nikamwambia hapana. "Imeegemea?" Nikamwambia imenyooka, na hilo ndilo tatizo lenyewe. "Sasa unataka tufanye nini?" Nikamweleza kwa adabu, "Muisogeze. Imeota kichwani kwa mama mkwe wangu." Akanitazama, akaandika. Baadaye ndipo nilipojua aliandika kwamba nguzo imemwangukia mkwe kichwani, kwa sababu mchana wake lilikuja gari lenye ngazi na mafundi wawili wenye kofia ngumu, nao hawakwenda kwenye nguzo. Walikwenda kwa mama, aliyekuwa kibarazani anachambua mchele. Mmoja akampa pole. Mwingine akamwomba avue kilemba aone jeraha.

Mama alitaka kujua ni jeraha gani. Hivyo ndivyo alivyokuja kuomba aione picha. Nilikuwa nimemwambia bado iko jikoni, yaani kwenye kompyuta, na siku zote hizo alikuwa akingoja bila kuuliza. Nikamletea. Akaishika mbali, akaishika karibu.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Na huyu wa nyuma, anayeondoka?"

"Naye ni wewe."

"Siku ile tulikuwa wangapi?"

Mafundi wa umeme walikuwa wamesogea nao wanatazama, na mmoja akasema polepole kwamba kweli nguzo imeota. Mama akanirudishia picha. "Na dada yangu," akasema, "ndiyo hii uliyompelekea?"

Alimpigia hapohapo, na sauti ya simu ile husikika mpaka barabarani. Dada yake hakusalimia. Alisema, "Mdogo wangu, usinifiche. Madaktari wamekupa muda gani?" Alikuwa ameitazama picha yangu kwa siku kumi na mbili, kwa jicho lake lililo bora, akilia, na wanawe walikuwa wameanza kushauriana ni nani atasafiri.

Ndugu Mwenyekiti, kwa siku tisa mama mkwe hakusema nami. Alikuwa akisema na mke wangu, huku mimi nimesimama mbele yake. "Mwambie mumeo anipishe mlangoni." "Muulize mumeo kama amemaliza na chumvi." Naomba utambue chanzo cha haya yote ni nani. Kama mkunga angesema "safi sana" kama watu wazima wengine, dada angeendelea kulia peke yake kimyakimya kule aliko, na nyumbani kwangu kungekuwa na amani.

6. Kwamba amenipa kitu ambacho sikukiomba na sasa siwezi kukirudisha. Siku ile ukumbini, nikikusanya vitu vyangu, mkunga aliniongezea ushauri bila kuombwa. "Usimweke mtu katikati kila mara. Gawa picha mafungu matatu, umsimamishe penye mstari." Basi. Tangu saa ile dunia yangu imegawanyika mafungu matatu. Mezani nilimwomba mke wangu asogee kushoto kidogo, aiachie bilauri nafasi. Akaniambia, "Mume wangu, mimi nakula." Kwa Kinyozi niligeuza kiti ili kioo kikae kwenye theluthi, na sikio langu likapata mkwaruzo ambao bado ninao. Mbaya zaidi ni mgahawa ulio karibu na karakana yangu. Nilikwenda kufunga friji kubwa, nikaiweka theluthi kamili ya ukuta, ikapokezana na dirisha kwa namna ambayo ningependa ungeiona. Mwenye mgahawa akaniita, "Fundi, mlango haufunguki, unagonga kaunta." Nikamwambia arudi nyuma hatua tano ndipo atazame. Alirudi nyuma hatua nyingi zaidi, mpaka nje, akaita fundi mwingine.

7. Kwamba hatimaye alifuata mambo mpaka nyumbani kwangu. Mke wangu, bila kunishauri, alimkaribisha mkunga Jumapili. Alikuja bila kamera. Akanywa chai. Akamwuliza mama habari za mguu, za usingizi, za dada. Mimi nilikaa nikingoja aanze ili nimjibu, maana nilikuwa nimejiandaa na nilikuwa na mambo manane kwenye karatasi. Hakuanza. Alipomaliza kikombe akatoka uani, akaitazama nguzo, akamtazama mama, akasema, "Mama, hebu njoo hatua moja huku, mlangoni."

Hatua moja, Ndugu Mwenyekiti! Nguzo ikapotea nyuma ya paa. Mimi nilikuwa nimeiandikisha ofisi nzima ya serikali.

Kisha akaniambia, "Fundi, leo piga moja." Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, upande mmoja wa uso una mwanga, mwingine umetulia kivulini, na mdomo ameufunga kama siku ya kitambulisho. Nikainua kamera. Nikaishusha, nikafuta lenzi, nikaiinua tena, na sioni aibu kukuandikia hilo, kwa sababu kama ile nayo ingeharibika nadhani ningehamia karakanani. Mkunga, nyuma yangu, akauliza kama mtu anayetaka tu kujua, "Mama, eti wale vijana wa umeme walitaka kukufunga bandeji?"

Mama akacheka. Nikabonyeza.

Sikuvuta chochote kwenye kompyuta. Mkunga aliniruhusu kuinua mwanga kidogo upande wa shavu, kidogo sana, nikaacha mwenyewe kabla hajasema. Picha ina mwanamke mmoja, mikono miwili, na pengo la mbele ambalo miaka yote sita sikuwahi kuliona vizuri kwa sababu kwangu huwa hacheki. Tukaituma. Simu ikalia kabla chai ya pili haijachemka. Dada hata safari hii hakusalimia. Alisema, "Umekuwa mama yetu. Hata pengo ni lilelile." Wakalia, wakacheka, wakaanza kubishana ni nani alimrithi mama yao pua, na sisi wengine tukasahaulika kabisa. Alipomaliza, mama alikuja mlangoni nilipokuwa nimesimama na kamera yangu, akafuta macho, akasema bila kupitia kwa mtu, "Mkwe wangu, nipishe."

Sasa sikiliza jambo lililoniuma kuliko yote. Mama alipomshukuru mkunga, huyo mkunga alisema, "Aliyepiga ni mkwe wako. Mimi nimekunywa chai tu." Yaani hata sababu ya kumchukia amenipokonya. Karatasi yangu ya mambo manane ilikuwa mfukoni, haijasomwa. Na tangu siku hiyo mama mkwe anataka kupigwa picha kila Jumapili, tena ameanza kuwa na maoni. Juzi ameniambia ile ndoo kwenye ukingo wa picha inavuta jicho. Nilikuwa na mkunga mmoja kikundini, sasa ninaye na wa nyumbani, na huyu wa nyumbani haanzi kwa kusifu.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo yatekelezwe bila kuchelewa:

(a) Maneno "maoni ya kujenga" yapigwe marufuku ukumbini. Mwanachama akionyesha picha ajibiwe "safi sana," na kwa picha zenye ubora wa kipekee, "safi sana, rangi zipo."

(b) Mama mkunga aruhusiwe kutaja kosa moja kwa mwaka, kwa maandishi, ndani ya bahasha iliyofungwa, na bahasha hiyo akabidhiwe mtu ambaye si mimi.

(c) Zile theluthi zifutwe rasmi, na picha irudi kuwa nzima kama ilivyokuwa zamani.

(d) Kikundi kimwandikie mwenye mgahawa barua yenye muhuri kumweleza kwamba friji ilikaa sawa, na kwamba kilichokosewa ni jengo.

Yasipotekelezwa nitajitoa na kuanzisha kikundi changu, ambacho mimi nitakuwa mwenyekiti, katibu na watazamaji. Katika kikundi hicho nitaonyesha picha, nitajisifu kwa wastani, na tutafunga mkutano mapema.

Nakutakia kazi njema na subira. Nisalimie shemeji na watoto, nisalimie Kinyozi, na umwambie sikio linaendelea vizuri. Msalimie pia yule mzee wa maktaba anayetufungulia ukumbi, na wanachama wote kwa vyeo vyao. Mama mkunga naye msalimie, ila usimwambie nimesema.

Ni mimi, nikiwa nimeonewa kwa adabu,

Fundi wa Friji,
Karakana iliyo nyuma ya duka la mabati.

Nyongeza: Barua hii ilikuwa imeshafungwa, nikaifungua. Alhamisi iliyopita, kama unavyokumbuka, mama mkunga alikuwa zamu hakuja, na picha yangu ya ngazi za maktaba ikapata "safi sana" saba. Nilizihesabu njia nzima nikirudi. Nilipofika nyumbani sikuweza kula. Jumatatu nikafunga karakana, nikaenda zahanati, na kwa kuwa foleni ni moja nikakaa kwenye ile ya wajawazito, namba kumi na nne, kamera mapajani. Mama wa namba kumi na tano aliniuliza kwa heshima nimefikisha miezi mingapi. Nikamwambia minne, tangu nijiunge. Mkunga aliitazama picha dakika moja nzima, akaniambia nimemkata miguu mtu anayepanda, na kwamba ningengoja hatua mbili angekuwa amefika penye mwanga. Ni kweli. Nimerudi kwenye ngazi, nimengoja, mpandaji amefika. Kwa hiyo haya yote niliyoandika hapo juu yaache yalivyo, usitekeleze hata moja. Ila naomba fomu moja ya uanachama. Yule mama wa namba kumi na tano aliomba aione picha wakati tukingoja, akasema kona ya juu kushoto nimeikoleza mno. Nimekwenda kuangalia. Ana jicho yule.